Watu Arobaini na Mmoja wa Lupiro

Mradi wa Orodha ya Afya,
Mlabani, Ifakara.
12 Januari 1998

Mdogo wangu Fulgensi,

Salamu zako za Mwaka Mpya zimefika juzi, kwa hiyo na wewe heri ya Mwaka Mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Barabara imekatika sehemu tatu. Barua sasa zinapita kwa treni tu, na huko redioni wameipa mvua hii jina la kigeni. Sisi tunaiita mvua, na imetuchosha.

Lakini sikuandikii ya mvua. Ni mashine yako. Ulipokuja Novemba ukaiwekea hicho kiini kipya, ilikimbia wiki kadhaa kama ulivyoahidi. Ripoti iliyokuwa inachukua asubuhi nzima ikawa inatoka chai haijapoa. Daktari Wilhelmina akafurahi mpaka akakuandikia ile barua ya kukupendekeza ukasome nje. Haya. Tangu Krismasi kompyuta inasimama. Mimi naingiza fomu, Merina upande wa pili anaingiza zile zile, maana ndiyo sheria yetu, kila fomu mara mbili na watu wawili ili mmoja akikosea mwingine amkamate. Ghafla skrini inajaa namba na herufi, kibodi inakufa. Tunazima, tunawasha, inakagua diski nusu saa nzima ikinung'unika, kisha inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Jana ilisimama mara nne.

Uliniambia kitu kama hiki kikitokea ninakili kila kilichoandikwa kwenye skrini. Nimenakili kwa mkono, karatasi nimeambatanisha. Kama kuna sifuri niliyoigeuza kuwa herufi unisamehe, mimi ni mtu wa kaya na majina.

Naomba unijibu haraka. Orodha za vijiji kumi na vinane zinatakiwa kabla ya tarehe ishirini na tano, na mhojaji bila orodha ni mtu anayetembeza baiskeli tu. Hawezi kwenda nyumbani kwa watu kuwasomea majina ya familia yao na kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, wakati majina yenyewe yamekwama humu ndani.

Dada yako,
Kandida


Dar es Salaam
26 Januari 1998

Dada Kandida, shikamoo.

Pole na kazi, pole na mvua. Karatasi yako nimeipata na umenakili vizuri kuliko wenzangu hapa chuoni, nimewaonyesha, wamecheka kwa wivu.

Nikueleze kidogo ili usiogope. Kiini ni programu tu, lakini ndicho msimamizi wa mashine yote. Ndicho kinachogawa: programu hii itumie kumbukumbu hii, ile iandike diskini pale. Kikichanganyikiwa, wafanyakazi wote wanasimama. Na kinachokichanganya mara nyingi ni mambo madogo sana. Joto. Vumbi. Umeme unaoruka ruka. Kwa hiyo fanya hivi: fungua ubavu wa kompyuta, futa feni kwa brashi laini, angalia kama mijusi hawajaingia (usicheke, nimeshaona), na usiichomeke kwenye soketi moja na birika la chai. Ikisimama tena, nakili tena, mara mbili au tatu, nizilinganishe.

Mimi mzima. Usaili wa ile nafasi ya kusoma nje ni tarehe 3 Machi, tumebaki watu wanne. Nikiipata nitakuwa mtu wa kwanza kutoka bondeni kusomea mambo haya, na wewe utakuwa dada wa bosi. Daktari akikuuliza habari ya mashine, mwambie ni joto la Ifakara. Hakuna haja ya kumsumbua kwa mambo ya feni.

Mdogo wako,
Fulgensi


Mlabani, Ifakara
9 Februari 1998

Fulgensi,

Nimefungua, nimefuta, sikukuta mjusi ila kiota cha mchwa. Birika nimelihamishia ofisi ya dereva, sasa kila nikitaka chai naomba kama mgeni. Mashine inasimama vile vile.

Hizi hapa karatasi tatu za tarehe tofauti. Kuna jambo nimeliona, wewe mtaalamu utaniambia kama ni upuuzi: mstari wa pili kutoka juu una namba ile ile mara zote tatu. Nyingine zinabadilika, hiyo haibadiliki. Nimerudi kwenye ile ya Januari, nayo ni hiyo hiyo.

Tulitoa orodha kwa kuvizia, kijiji kimoja kimoja kati ya kusimama na kusimama, na wahojaji wameondoka. Sasa limezuka balaa jingine. Mhojaji mmoja wa Lupiro amefika nyumba ya watu, amesoma orodha kama kawaida, sauti ya juu, familia nzima imekaa, na kumbe orodha imeandika mtoto wa miaka minne kuwa amefariki. Mtoto mwenyewe yuko pale pale. Unawajua watu wetu, kumsomea mama kifo cha mtoto aliye hai ni uchuro mkubwa kuliko tusi. Nyumba iliyofuata tena hivyo. Mpaka amemaliza eneo lake wamefika watu arobaini na mmoja, wengi watoto, wote wazima, wote kwenye orodha ni marehemu.

Sheria yetu unaijua. Orodha ikitofautiana na nyumba, mhojaji anajaza fomu ya marekebisho. Akikubali kwamba yeye ndiye aliyekosea mzunguko uliopita, anasaini, tumemaliza. Akikataa, ndipo tunafungua masanduku na kuitazama fomu yake ya zamani. Yeye amesaini zote arobaini na moja bila neno. Sijafungua sanduku hata moja na, Mungu anisamehe, nilishukuru. Masanduku ya Lupiro yako ishirini na sita, yamepangwa mpaka darini, na mimi siku hizi nikipanda ngazi tatu nataka kukaa.

Daktari anasema huyo mtu amepika takwimu, amekaa nyumbani akajaza anavyotaka. Jina lake halikusaidii kitu huko uliko. Nakuuliza jambo moja tu, na unijibu wazi kwa sababu nitaulizwa kikaoni: inawezekana mashine hii inayosimama simama ndiyo iliyobadilisha?

Kandida


Dar es Salaam
20 Februari 1998

Dada, shikamoo.

Nimezitazama karatasi zote. Hiyo namba inayorudi inaweza kuwa bahati tu, usiihangaikie. Sasa tujaribu kadi za kumbukumbu. Ziko mbili, ndefu kama rula ndogo. Zitoe, toa moja weka pembeni, tumia nyingine wiki moja, kisha badilisha. Shika chuma kwanza kabla hujazigusa, umeme wa mwilini usije ukaziunguza.

Kuhusu watu wa Lupiro, hayo ni mambo mengine kabisa. Mashine ikiugua inasimama, ndivyo unavyojua kwamba inaugua. Haiwezi kukaa ikachagua mtu na kumuua kwenye orodha. Mnaingiza kila fomu mara mbili, watu wawili, na zimelingana. Basi kilichoingia ndicho kilichokuwa kwenye karatasi. Angalieni upande wa wahojaji.

Pasaka nitakuja mwenyewe niiangalie. Usimwambie Daktari kwamba nimesema nitakuja, nataka iwe ghafla. Niombee kwa ajili ya tarehe 3.

Fulgensi


Mlabani, Ifakara
6 Machi 1998

Mdogo wangu,

Kadi nimetoa, nimebadilisha, nimeshika chuma mpaka nimejiona fundi. Wiki na kadi moja, wiki na nyingine. Inasimama. Sasa ninachofanya ni kuingiza fomu kumi, kuhifadhi, kuingiza kumi, kuhifadhi. Merina amepata mtindo wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kubonyeza. Sikumkataza.

Kikao kimefanyika Jumatatu. Nilisoma maneno yako kama ulivyoyaandika, kwamba mashine ikiugua inasimama na haiwezi kumuua mtu kwenye orodha. Daktari akasema, haya, mtaalamu amesema. Yule mhojaji akaulizwa kama ana la kujitetea. Akasema hana, labda ni uzee. Ameachishwa kazi siku hiyo hiyo, akakabidhi baiskeli, mkoba na koti la mvua. Fomu ya makabidhiano nimesaini mimi kama shahidi. Alivuka mto kurudi kwao kwa mtumbwi, pantoni haifanyi kazi, maji ni mengi. Aliondoka bila koti na mvua ilikuwa inanyesha.

Sina raha, Fulgensi. Kazi hii nimeifanya miaka saba na nilikuwa naipenda. Siku hizi naamka nimechoka, nalala nimechoka. Usaili umekwendaje?

Kandida


Lupiro
15 Machi 1998

Kwa mwanangu wa ubatizo Fulgensi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naamini barua hii itakukuta ukiwa na afya, ukiendelea na masomo uliyoyapigania. Sisi huku ni wazima. Mama yako mkubwa anakusalimu. Maji yamechukua mpunga wa chini wote, huu wa juu umebakia na ndiyo tuko shambani tunaamia ndege. Nakuandikia nikiwa juu ya dungu la miti, ukiona mstari umepinda ni kwamba nimesimama kuwatupia jiwe.

Nimeona nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Kazi ya orodha imekwisha. Wameniachisha tangu tarehe mbili, na sina kinyongo nao, dada yako Kandida alikuwepo na aliumia, nilimwona.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza mwishoni nilifika kwa Mariana, yule aliyefiwa na mume. Nikawasomea kama siku zote. Nikasoma, Levina, amefariki. Mtoto amekaa mkekani anakula muwa. Mariana hakupiga kelele. Aliniuliza, baba Nikodemu, nimekukosea nini? Nilitaka ardhi inimeze. Kesho yake akampeleka mtoto kijiji cha Mbingu kwa bibi yake, ng'ambo kabisa ya mto, ili kifo nilichokisoma kisimkute nyumbani. Baada ya hapo nyumba nyingi hodi haiitikiwi. Hata kanisani benchi ninalokaa lina nafasi.

Mzunguko wa mwezi wa kumi na moja nilijaza kwa mkono wangu na nilidhani nimeandika hai. Lakini orodha ya mashine ilisema vingine, na mashine hiyo umeitengeneza wewe mwanangu, wote tunajua na tunajivuna. Sikuona sababu ya kubishana na kazi ya mikono yako. Nikasaini kwamba nimekosea. Nikasaini mara arobaini na moja. Kwa hiyo nimejua ni macho. Kumbe nimekuwa nikiandika nisichokiona.

Ombi langu ni moja. Ukipata nafasi, uulize hospitali huko jijini habari ya miwani kwa mtu wa miaka hamsini na minane ambaye mbali anaona, karibu anadhani anaona. Si kwa ajili ya kazi, hiyo imepita. Nataka nijue tu kama ndiyo hivyo.

Ubaki na amani ya Bwana.

Baba yako wa ubatizo,
Nikodemu


Mlabani, Ifakara
23 Machi 1998

Fulgensi,

Juzi imekuja fomu ya mhamiaji kutoka Mbingu. Mtoto wa kike, miaka minne, Levina, ametoka Lupiro, amehamia kwa bibi yake, namba yake ya orodha imeandikwa pembeni. Nikaingiza. Mashine ikakataa. Ikaniandikia kwamba mtu huyu amefariki, hawezi kuhama.

Nilijua ni yule mtoto wa kwanza. Fomu ya marekebisho yake niliiingiza mwenyewe mwezi wa pili, nakumbuka, Merina naye akaingiza, ikalingana, nikamrudisha kuwa hai. Sasa mashine inasema amekufa tena. Mhojaji wa Mbingu hamjui yule wa Lupiro, na Mbingu hawana sababu ya kupika kitu chochote.

Nimepanda ngazi. Masanduku ishirini na sita, mimi na Merina, siku mbili. Fomu zote arobaini na moja tumezipata. Zote zimeandikwa hai. Mwandiko safi, umesimama wima, kila herufi unaisoma ukiwa mlangoni. Hakuna hata moja aliyokosea. Merina alikaa chini kwenye vumbi akalia, na mimi nikamwacha alie. Funguo za masanduku hayo zimekuwa mfukoni mwangu tangu Januari. Lilikuwa jambo la siku mbili.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mhojaji mwenyewe ni baba yako Nikodemu. Nilidhani nakulinda, una mitihani, una usaili. Nilisema akimaliza nitamwambia.

Umeifanya nini mashine hii? Usiniambie joto.

Kandida


Dar es Salaam
24 Machi 1998

Dada Kandida,

Barua yako ya mwisho niliyoipata ni ya tarehe sita. Sijui kama umeniandikia nyingine. Leo asubuhi nimepata ya baba Nikodemu. Anaomba miwani.

Macho yake ni mazima. Kosa ni langu na nitalieleza lote, usome mpaka mwisho.

Kiini cha mashine kinaandikwa na watu, kwa maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma. Kisha kuna programu inaitwa kompaila, inayageuza maandishi hayo yawe amri ambazo mashine inazielewa. Kompaila iliyozoeleka ni ya taratibu, haijifanyi mjanja. Mwaka jana nilikuta hapa maabara kompaila ya majaribio. Inapanga upya amri ili zikimbie, na kweli zinakimbia. Walioitengeneza wameandika wazi mwanzoni kabisa: msigeuzie kiini kwa hii, bado hatujaiamini. Nilisoma. Nilikigeuza kiini chenu kwa hiyo hiyo, kwa sababu nilitaka Daktari aone ripoti inatoka chai haijapoa. Aliona.

Ile namba inayorudi haikuwa bahati. Joto au vumbi vikiharibu, vinaharibu popote, leo hapa kesho pale. Namba ikirudi ile ile, maana yake amri zenyewe zimepangwa vibaya mahali hapo. Ninayo ramani ya kiini hicho, inayoonyesha kila namba ni ya mahali gani ndani yake, nikaangalia siku ile ile nilipopata karatasi zako tatu. Mahali penyewe ni pale kinapotoa kitu kwenye kumbukumbu na kukiandika diskini. Mliingiza sawa, ikalinganisha sawa, kisha ikaandika vibaya. Kipande cha mtu mmoja kinaandikwa juu ya mwingine, kimya kimya. Ikizidiwa ndipo inasimama. Lupiro ndiyo mliyoiingiza ya kwanza, Desemba, kwa wingi na kwa haraka, mkifurahia kasi.

Kwa hiyo Februari nilijua. Nilikuandikia kadi za kumbukumbu huku najua. Usaili ulikuwa bado siku kumi na moja. Nikasema nikitoka huko nitakuja Pasaka, nitarudisha kila kitu bila mtu kujua. Uliposema mhojaji wa Lupiro nilihesabu, wako watano. Nikajiambia ni mmoja wa wale wanne wengine, si baba Nikodemu. Sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungenijibu.

Sasa hili ndilo litakalokuuma. Kiini cha zamani sikukifuta. Kimo humo ndani tangu Novemba. Ukiwasha mashine, kabla haijaanza kunguruma inasimama kidogo kama inasubiri. Hapo andika neno moja, zamani, ubonyeze kitufe kikubwa. Imekwisha. Itakuwa polepole kama mwanzo na haitasimama. Ningeweza kukuandikia mstari huo mmoja Januari.

Kisha usiamini chochote kilichoingizwa tangu tarehe nilipoondoka. Rudisheni nakala za disketi za mwanzoni mwa Novemba, kabla sijaja, na fomu zote za baada ya hapo ziingizwe upya. Ni kazi ya miezi miwili kwenu, najua.

Barua iliyofungwa ni ya Daktari. Nimemweleza yote na nimeomba jina langu litolewe kwenye ile nafasi. Majibu ya usaili yalikuwa mazuri, kama unataka kujua.

Kwa baba Nikodemu nimeanza barua mara tano. Nisaidie, dada. Mwambie wewe.

Fulgensi


Mlabani, Ifakara
20 Aprili 1998

Fulgensi,

Barua zetu zimepishana njiani, utakuwa umeshaipata yangu. Nafurahi kwamba uliandika kabla hujaisoma. Ni furaha ndogo, lakini nimeishika.

Niliandika lile neno. Nilitumia kidole kimoja. Merina akaniuliza kama ndiyo hivyo tu, nikasema ndiyo hivyo tu. Leo ni siku ya kumi na saba haijasimama, ripoti ya kijiji kimoja inakula asubuhi nzima na hakuna anayelalamika. Tunaingiza upya tangu mwanzo. Tumefika kaya ya mia sita.

Daktari Wilhelmina aliisoma barua yako mara mbili amesimama. Hakukutukana. Alisema yeye ndiye aliyeipenda kasi kuliko wote na ndiye aliyemfukuza mtu bila kuona karatasi. Ile nafasi ya kusoma imekwenda kwa mwingine, hilo hakuwa na njia ya kulizuia na wala sikumwomba. Pasaka tulikuwekea sahani, hukuja, nikaiondoa.

Umesema nimwambie mimi. Nimekukatalia nusu. Juzi Jumamosi tulivuka kwa mtumbwi, mimi na Daktari, tukakutana na watu wa Lupiro nje ya kanisa. Walikuja wengi, hata wale wa madungu walishuka. Daktari akasema kosa ni la ofisi, Nikodemu hana doa. Watu wakaitikia kwa adabu tu, kama wanavyoitikia tangazo la chanjo. Kisha nikasimama nikasoma barua yako, yote, mpaka pale pa wahojaji wanne na mmoja. Nikawaambia pia habari ya funguo zilizokuwa mfukoni mwangu, wasidhani mdogo wangu yuko peke yake.

Mariana akanyoosha mkono. Aliuliza jambo moja, huyo kijana alijua tangu lini. Nikamjibu, mwezi wa pili. Akahesabu kwa vidole mbele za watu: mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Akasema, miezi hiyo yote mwanangu analala Mbingu na mimi nalala hapa. Halafu akakaa. Wengine wakaanza kusema maneno juu yako, mdogo wangu, ambayo sitayaandika.

Hapo baba Nikodemu akainuka. Amekonda. Akasema, "Huyo ni mwanangu. Nilimbeba mimi mbele ya padre, nikajibu kwa niaba yake wakati hajui kusema. Leo anajua kusema. Atakuja kujibu mwenyewe." Nikaona aibu kubwa na, sijui nikueleze vipi, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Tumemrudishia baiskeli, mkoba na koti. Kazi amekataa. Anachotaka ni kuzunguka mara moja tu, nyumba zote alizosoma vifo, ziko thelathini na tatu, akasome majina yale arobaini na moja upya, sauti ya juu, familia ikiwa imekaa, kila mmoja kwamba yu hai. Mariana amesema siku hiyo ikipangwa atamfuata Levina Mbingu, awepo asikie. Orodha nimeitoa jana kwenye mashine, kisha nimekaa na zile fomu nikaihakiki jina kwa jina, kwa kalamu.

Lakini anasema hatakwenda peke yake. Kila mlango hodi utabisha wewe, utasema jina lako na ulilolifanya, ndipo yeye asome. Nilimwambia una mitihani. Akasema yuko kwenye mpunga mpaka mwezi wa sita, atasubiri. Ameshachagua nyumba ya kuanzia.

Barua hii usiijibu, njoo mwenyewe. Treni ya Jumanne inafika hapa asubuhi, kila Jumanne nitakuwa stesheni.

Dada yako,
Kandida